Darubini ndogo ya kuwindia na kutembelea porini: 8x25, 10x25 au 8x32?

Mpanda Kilima
Wakuu, natafuta darubini ndogo ya macho mawili. Kazi yake ni kuwinda alfajiri na jioni, na mchana kutembea milimani na kutazama ndege. Nimebakiwa na tatu za kuchagua: 8x25, 10x25 na 8x32. Ile 10x25 inaingia mfuko wa shati na inavuta zaidi, kwa hiyo moyo umeegemea huko. Navaa miwani na sitaki kuivua kila nikiinua darubini. Siwezi kununua mbili. Nikague nini kabla ya kutoa pesa? Maana kila boksi linasema lenzi zake ni bora.

Fundi Lenzi
Mkuu, anza na namba hizo hizo. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwale wa nuru unaotua kwenye jicho lako. 10x25 inakupa mm 2.5, 8x25 kama mm 3.1, na 8x32 mm 4.

Sasa ilinganishe na mboni yako. Jua likiwaka, mboni husinyaa hadi mm 2 au 3, kwa hiyo mchana zote tatu utaziona angavu karibu sawa. Ndiyo maana dukani 10x25 inampendeza kila mtu. Alfajiri mboni hupanuka hadi mm 5 au zaidi, ingawa umri ukisogea upanukaji huo hupungua. Hapo ndipo mwale wa mm 2.5 unapokuangusha: mnyama kasimama kivulini chini ya kichaka, wewe unaona doa jeusi tu. Kwa eneo, mwale wa mm 4 ni mkubwa mara mbili na nusu kuliko huo. Kioo kizuri husaidia kiasi, lakini pengo hilo hakilizibi.

Mwale mwembamba pia hulitaka jicho likae katikati barabara. Umepanda mlima, unahema, picha inaingia weusi mara kushoto mara kulia. Na ukuzaji wa 10 hukuza hata mtetemo wa mikono. Kidarubini cha gramu 300 hakina uzito wa kuutuliza. Kwa kazi uliyoitaja, mimi nasema 8x32.

Msoma Nyayo
Kuhusu 10x25 sina ubishi. Ila 8x32 nyingi zina gramu 450 hadi 600, na mfuko wa shati usahau. Kwa anayetoka jua likiwa limeshapanda, 8x25 nzuri inatosha, na darubini iliyoachwa kambini kwa sababu ya uzito haina faida kwa mtu. Wewe umetaja alfajiri na jioni, kwa hiyo naungana na Fundi.

Kuhusu miwani, tafuta kwenye maelezo umbali wa jicho, yaani jicho likae mbali kiasi gani na lenzi na bado lione picha nzima. Kwa mvaa miwani, mm 15 ndiyo kima cha chini. 16 hadi 18 ni raha. Darubini ndogo nyingi zina 10 hadi 12, na hapo utaona tundu la katikati tu. Lakini namba ya boksi isikutoshe. Watengenezaji wengine hupima kuanzia kwenye kioo chenyewe, wakati ukingo wa kikombe cha jicho (ile pete ya mpira unayoegemeza jicho) umekizidi kwa milimita kadhaa, na hizo zote zinapotea. Vaa miwani yako, shusha vikombe vya macho hadi mwisho, kisha tazama: ukiona duara lote na ukingo wake mweusi umekatika vizuri pande zote, inakufaa.

Angalia bawaba pia. Darubini nyingi za x25 zina bawaba mbili ili zikunjike, na kila ukiitoa mfukoni unaanza upya kutafuta upana wa macho. Mnyama hakusubiri. Bawaba moja iliyokaza inabaki ulipoiweka.

Na hili nalisema kwa uzito wote: darubini ndiyo ya kutambulia kilicho mbele yako. Usitumie ile ya kwenye bunduki kuchungulia kitu usichokijua, maana kila unakotazama mtutu nao unaelekea huko. Huenda ni mtu anayeokota kuni.

Kioo Safi
Naongeza ukaguzi wa dukani, dakika tano zinatosha.

Ishike darubini kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga yenye mwanga (kwenye jua kamwe, hata kwa kufumba na kufumbua) na utazame kile kiduara cheupe ndani ya lenzi ya jicho. Prizimu (vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha nuru) za kioo cha aina ya BaK-4 kwa kawaida huonyesha duara kamili. Zikiwa za aina ya BK7, mara nyingi duara hukatwa pembeni kwa kivuli cha kijivu hadi lifanane na mraba wa pembe butu.

Kisha simama chini ya taa, tazama mwakisiko wake ndani ya lenzi ya mbele. Ukiwa hafifu, wa kijani au zambarau, vioo vimepakwa tabaka la kupunguza mwakisiko. Mmoja ukitoka mweupe na mkali, kuna uso wa kioo ulioachwa bila tabaka. Kwenye boksi tafuta herufi FMC, maana yake tabaka nyingi kwenye kila uso. Zile lenzi nyekundu za kung'aa kama kito ziache. Zinarudisha nje nuru ambayo jioni unaihitaji.

Mwisho, tazama waya au ukingo wa paa ulio mbali, kisha isogeze darubini polepole kutoka machoni. Mstari ubaki kimo kimoja pande zote mbili. Upande mmoja ukipanda, prizimu imehama, pengine kwa kuanguka. Macho yatalazimika kuunganisha picha mbili zisizolingana, na baada ya muda mfupi kichwa kinaanza kuuma. Hiyo irudishe, usijaribu kuifungua.

Za kuvuta na kurudisha ukuzaji zipite tu. Uwanja wa kuona ni mwembamba, na vipande vinavyosogea ndani hulegea.

Mpanda Kilima
Nashukuru sana, 10x25 nimeiacha. Nimeijaribu 8x32: duara zima nikiwa na miwani, mstari wa paa uko sawa. Ila jicho la kushoto linaona safi, la kulia kuna ukungu kidogo. Ni mbovu?

Fundi Lenzi
Huenda haijarekebishwa tu, mkuu. Vaa miwani. Chagua kitu kisichosogea kama mita 50 mbele, gome la mti linafaa. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja. Usifumbe jicho, kwa sababu kukunja uso hubadili uonaji. Zungusha gurudumu la katikati hadi mikwaruzo ya gome ionekane. Sasa ziba ya kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha ile pete ya diopta (inayorekebisha jicho moja peke yake), mara nyingi iko kwenye jicho la kulia. Picha ikisafika, kumbuka alama ilipo. Pete iwe ngumu kidogo, ikilegea itakuwa inahama begani. Ukifika mwisho wa pete na ukungu bado upo, usiinunue.

Hakikisha pia imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni, ili ukungu usijikusanye ndani. Ukungu wa nje ukitoka kwenye baridi kwenda joto hukauka wenyewe. Wa ndani hukaa na kuleta kuvu.

Kioo Safi
Na lenzi usizifute kwa shati. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, pitisha brashi laini, ndipo kitambaa chenye tone la maji ya kusafishia lenzi. Chembe ya mchanga ikiburuzwa inachuna tabaka. Ihifadhi pakavu pamoja na vipakiti vya silika jeli, na ikitoka mvuani iache wazi ikauke kabla ya kuirudisha kwenye mfuko wake.