Ushauri wa kazi kwa wanafunzi: naweza kusoma shahada huku nafanya kazi?

Mwanamasasi
Habari zenu wakuu. Nina diploma ya ualimu, nafundisha sekondari hapa Masasi na ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Nataka hii iwe taaluma yangu kabisa: kumsaidia kijana achague tahasusi, chuo na kazi. Uingereza watu wanaisomea kwa uanagenzi (kujifunza ukiwa kazini) wa ngazi ya shahada, mshahara wanapata na ada hawalipi. Naweza kuomba nikiwa huku? Kama haiwezekani, hapa nyumbani nianzie wapi bila kuacha ajira?

Mzee wa Shangani
Mkuu, ukiwa Masasi haiwezekani. Uanagenzi wa England unaanza na mwajiri, chuo kinafuata. Uwe na mkataba wa ajira, angalau nusu ya saa zako za kazi uzifanyie England, na kwa kawaida uwe umeishi kule kihalali miaka 3 kabla ya kuanza. Ada inatoka serikalini na kwenye tozo ya 0.5% ya mishahara inayotozwa waajiri wakubwa. Kwa hiyo atakayekuambia utume hela akushikie nafasi ni tapeli, achana naye.

Jambo jingine linalowapoteza wengi ni namba. Ngazi ya 6 ya England ni ya shahada. Kwetu NTA 6 (NTA ni ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi) ni diploma, shahada ni NTA 8. Na si kila kozi ya ngazi ya 6 kule inatoa shahada yenyewe, nyingine unaishia na cheti cha taaluma.

KoroshoGhafi
Hapa kwetu VETA wana uanagenzi, ila ni wa fani za ufundi na hoteli. Ushauri wa kazi itabidi uiunge njia mwenyewe: ajira unayo, tafuta shahada ya kusoma ukiwa kazini. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara na kingine Lindi. Chukua shahada ya elimu, yenye saikolojia au ushauri nasaha kadiri utakavyopata. Usikimbilie shahada isiyo ya elimu, kubadilishiwa muundo wa utumishi (cheo na mshahara kufuata shahada mpya) baadaye kutakusumbua.

Sifa za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) za kuingia shahada kwa mwenye diploma ya ualimu ni wastani wa B, pamoja na ufaulu wa D au zaidi katika masomo 4 ya kidato cha nne. Barua ya ruhusa ipitie kwa mkuu wa shule iende kwa mkurugenzi wa halmashauri KABLA hujajisajili, na tarehe za mitihani uziandike humo. Wengi wanakwama hapo: mtihani wa chuo unagongana na mtihani wa moko shuleni, na mwalimu hana karatasi yoyote mkononi.

Bi Nachingwea
Naongezea upande wa vitendo, maana shahada peke yake haimfanyi mtu mshauri. Anza na Selform ya kidato cha nne, ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Pointi ni A 1, B 2, C 3, D 4. Ili aingie kidato cha tano, masomo matatu ya tahasusi yasizidi pointi 10, na asiwe na F hata moja humo. Mwenye C, C, D ana 10, anapita. Mwenye C, D, D ana 11, hapiti hata kama ndoto yake ni udaktari. Juu ya hapo anatakiwa awe na C au zaidi katika masomo 3 yasiyo ya dini. Mfanyie hesabu hii kwa matokeo ya moko, umkalishe chini mapema, mpange na njia ya pili: VETA, chuo cha kati, au afya ngazi ya cheti.

Weka daftari la kazi: tarehe, kidato, tatizo, mlichokubaliana, siku ya kufuatilia. Jina la mwanafunzi usiandike, tumia namba, na orodha ya namba ifungiwe kabatini. Daftari likizunguka stafu, hakuna mtoto atakayerudi kwako.

Mwanamasasi
Nashukuru sana. Wastani wangu wa diploma ni C, nifanyeje?

KoroshoGhafi
Kwa C moja kwa moja hupokelewi. Nenda kituo cha Huria pale Mtwara na vyeti vyako halisi, uulizie kozi ya msingi (foundation). Umalize na GPA isiyopungua 3.0, ndipo uombe shahada.