Bafu la zamani la wazazi Isamilo: nataka kulirekebisha bila kubomoa, nianzie wapi?

Binti_wa_Isamilo

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa mafundi na yeyote aliyewahi kukarabati bafu la zamani.

Nyumba ni ya wazazi, Isamilo kule juu mlimani, hapa Mwanza, marehemu baba aliijenga miaka ya 80. Bafu na choo viko chumba kimoja. Sinki na choo cha kukaa ni vya rangi ya waridi, baba mwenyewe alivichagua, na mama hataki kusikia habari ya kuving'oa. Sakafu ni ya saruji nyekundu, dirisha ni la luva. Nusu ya ukuta ina rangi ya mafuta ya bluu, na upande wa mlimani inabanduka magamba magamba. Bomba la sinki linadondosha usiku kucha, chini yake kuna doa la kahawia. Nimelisugua kwa jiki mpaka mikono imechubuka, halitoki.

Mama ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Fundi aliyekuja kuangalia alisema tubomoe yote, tupige tailizi mpaka juu. Nina laki nne tu. Nataka mama aoge kwa raha na bafu libaki lile analolijua. Nianzie wapi?

Fundi_Mabatini

Dada, mfikishie mama shikamoo zangu. Na vyombo vya mzee viacheni palepale, kauri ya zamani ni nzito na haina shida yoyote kama haijapasuka.

Rangi iwe ya mwisho. Umesema inabanduka upande wa mlimani, basi anzia hapo. Nyumba zetu za milimani nyingi zimekatiwa kwenye mteremko na udongo umeegemea ukuta wa nyuma. Mvua ikinyesha, maji yanateremka juu ya mwamba, yakikosa njia yanazama kwenye tofali na kutokea chumbani. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo, unyevu unaisukuma kutoka ndani na pesa yako imekwenda.

Kabla hujanunua chochote fanya kipimo hiki. Kwangua sehemu ndogo, iache ikauke, kisha bandika kipande cha nailoni ukizibe pande zote nne kwa selotepu. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kuogea, na dawa yake ni hewa: fungua luva na osha wavu wa mbu. Huku kwetu wale wadudu wa ziwani na vumbi huuziba wavu mpaka hewa haipiti kabisa.

Doa la kahawia ni kutu. Maji ya ziwa letu ni laini, ndiyo maana sabuni inatoa povu upesi, hayaachi ule ugaga mweupe unaouona Dodoma. Hiyo rangi inatoka kwenye mabomba ya chuma ya enzi hizo. Jiki haitoi kutu, huwa inaikoleza. Kamua limau, loweka kitambaa, kilaze juu ya doa saa kadhaa, kisha sugua taratibu. Ila suuza jiki yote kwanza mpaka harufu iishe. Jiki ikikutana na limau, siki au asidi ya choo inatoa gesi ya klorini, na chumba chenyewe kidogo. Hilo nakuomba sana.

Bomba linalodondosha kwa kawaida ni washa, kile kipira cha ndani, imekwisha. Funga koki kuu, fungua kichwa cha bomba, nenda na ile washa ya zamani dukani upewe ya saizi ileile. Tanki la choo nalo lipime: tia rangi ya chakula ndani, usiflashi, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini unavujisha.

MamaK_Nyegezi

Mwanangu, mimi naangalia usalama wa mama. Hiyo sakafu nyekundu mnaipaka nta? Kama ndiyo, acheni leo, ikilowa mtu mzima anateleza. Mwekee mkeka wa mpira wenye matundu pale anapooga na kiti cha plastiki kisichoyumba. Kisha ukutani weka mshikio wa chuma, unene wa sentimita 3 hadi 4 ili kiganja kiukamate vizuri. Ufungwe kwa skrubu ndefu na fisha (kile kiplastiki cha kushikilia skrubu ukutani) kwenye tofali lenyewe, maana plasta peke yake itang'oka naye. Mpime mama akiwa amekaa na akisimama, usikadirie. Mama yangu alikuwa akishika sinki kunyanyukia, tangu apate mshikio anaoga bila kumwita mtu.

Mdau_Bukoba

Rangi ukifikia huko, weka krimu badala ya bluu. Waridi itapendeza na chumba kitakuwa na mwanga. Taa nunua ya LED yenye kifuniko kisichoingiza maji, na swichi ikae nje ya mlango.

Binti_wa_Isamilo

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya kipimo cha nailoni: matone yako upande wa ukutani. Doa nalo limefifia sana. Mama amekubali krimu na amefurahi kwamba sinki linabaki. Fundi, nyuma ya ukuta kuna udongo umepanda mpaka usawa wa dirisha. Nifanyeje?

Fundi_Mabatini

Tumepata adui. Uondoeni huo udongo mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu ya bafu, kidogo kidogo, ila msifike chini ya msingi. Kama kuna jiwe kubwa limeegemea huo udongo, msiguse kabla sijaliona. Kisha chimbeni mfereji wenye mteremko wa kutoa maji pembeni ya nyumba, jazeni kokoto. Laki nne nyingi itaishia hapo, na ni halali yake. Ukuta uacheni wazi ukauke wiki kadhaa ndipo mkwangue, mpige msasa, mpake praima na rangi. Ukishachimba, kabla ya kumwaga kokoto, weka picha hapa niuone msingi.