Mtafsiri mpya: abobee mapema au apokee kila kazi?

Kalamu_Tanga

Wakuu, habari za kazi. Nauliza kwa ajili ya wanaoanza, na naomba majibu yenye hatua na hesabu.

Chukulia mtafsiri wa Kiingereza na Kiswahili anayeanza kujitegemea. Ana shahada ya ualimu wa lugha hizo mbili, anaitumia OmegaT (programu ya kumsaidia mtafsiri) vizuri, na kwa siku anatoa maneno 2,000 yaliyokwisha kuhakikiwa. Wasifu wake umetaja fani saba: afya, sheria, kilimo, fedha, utalii, teknolojia na elimu. Mawakala wa tafsiri wa nje wengi hawamjibu. Wanaomjibu wanampa vipande vya maneno 150, au wanamtaka ahariri tafsiri za mashine kwa nusu bei.

Kuna wanaosema ashike fani moja tangu siku ya kwanza. Kuna wanaosema kazi za Kiswahili ni chache na anayejifungia atalala njaa. Ukweli uko wapi? Na kama ni kubobea, anaanzaje bila kupoteza kipato cha mwezi huu?

Mhakiki_DSM

Abobee mapema, lakini asichague "afya". Achague aina ya hati. Ndani ya afya kuna vipeperushi vya chanjo, maelekezo ya kipimo cha sukari, fomu za ridhaa za utafiti wa dawa, madodoso ya wagonjwa na tovuti za hospitali. Kila kimoja kina mteja wake, msamiati wake na bei yake. Msimamizi wa miradi kwenye kampuni ya tafsiri ana fomu ya ridhaa ya kurasa 18 mezani na anataka mtu wa kumkabidhi leo jioni. Wasifu wenye fani saba haumsaidii kuamua.

Tuchukue hiyo fomu ya ridhaa iwe mfano. Utafiti unaohusisha watu hupitia kamati ya maadili, na kwa Tanzania ile ya kitaifa iko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mshiriki lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo toleo la Kiswahili halikwepeki. Tena fomu ya Kiingereza ikirekebishwa katikati ya utafiti, ya Kiswahili nayo inarekebishwa, na kazi hiyo kwa kawaida inarudi kwa mtu yuleyule. Muundo hautofautiani sana kati ya utafiti na utafiti: madhumuni, taratibu, hatari, manufaa, usiri, fidia, haki ya kujitoa, watu wa kuwasiliana nao. Kwa hiyo kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ya sentensi na tafsiri zake inayotunzwa na programu, unayoijenga kwenye fomu ya kwanza inakulipa kwenye ya tano.

Wanakoharibu wanaoanza ni hapa. Plasebo, yaani kile kinacholinganishwa na dawa ya utafiti, wanaiita "dawa bandia", na msomaji wa Tanzania anaelewa dawa ghushi, zile zinazokamatwa madukani. Andika "kitu kinachofanana na dawa ya utafiti lakini hakina kiambato kinachotibu", kisha tumia jina moja hilohilo hadi mwisho wa hati. Kosa la pili ni baya zaidi. Tatizo lolote la kiafya linalompata mshiriki wakati wa utafiti wanaliita "madhara ya dawa". Chanzo chake bado hakijajulikana, huenda ni malaria tu, na fomu imekwisha kuihukumu dawa. "Tukio baya la kiafya" linatosha. La tatu ni ugumu wa lugha: sentensi ya maneno 45 ya Kiingereza inahamishwa nzima nzima. Igawe mara mbili au tatu. Mtu mwenye elimu ya msingi anatakiwa aisome na aelewe anachotia saini.

Maandalizi ni ya wiki nne hivi, jioni tu, huku mchana anafanya kazi nyingine. Shirika la Afya Duniani limeweka kwenye tovuti yake violezo vya fomu za ridhaa. Apakue viwili, cha utafiti wa tiba na cha mahojiano, avitafsiri vyote, aviache siku mbili, kisha avisome kwa sauti. Kila istilahi aliyotoa jasho kuipata aiingize kwenye faili ya matini ndani ya folda ya "glossary" ya mradi wa OmegaT: Kiingereza, kisha kitufe cha tabu, Kiswahili, tabu tena, kisha maelezo ya alikoitoa. Safu ya tatu wengi wanairuka, na miezi sita baadaye hawakumbuki kwa nini walichagua neno hilo. Istilahi 300 zenye chanzo zinatosha kuanzia. Mwisho afanye kozi ya GCP, yaani taratibu bora za utafiti wa dawa kwa binadamu. Zipo za bure mtandaoni zenye cheti, na cheti hicho kinaonekana haraka kwenye wasifu kuliko shahada.

Daftari_la_Nakuru

Mhakiki, kuhusu kuchagua hati nakuunga mkono kabisa. Kuhusu kutegemea aina moja, hapana.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Miradi mingi ya afya katika nchi zetu ilikuwa inaendeshwa kwa fedha hizo, na mradi ukisimama hakuna wa kuagiza tafsiri. Mtafsiri aliyekuwa na hati za miradi hiyo peke yake hakuwa na la kufanya, hata kama ubora wake ulikuwa wa juu. Kwa hiyo ashike aina mbili za hati ambazo fedha zake hazitoki mfuko mmoja. Fomu za ridhaa hulipiwa na wafadhili wa utafiti na kampuni za dawa. Za pili zilipiwe na biashara: masharti ya matumizi ya programu za simu, sera za faragha, mikataba ya ajira, au manukuu ya filamu, yale maandishi ya chini ya picha.

Sasa kipato cha mwezi huu. Apokee kila kazi halali, isipokuwa zile ambazo kosa lake linamuumiza mtu na hakuna mhakiki wa pili: vipimo vya dawa, hati za mahakama, mikataba. Kila kazi aiandike kwenye jedwali: aina ya hati, idadi ya maneno, saa zote pamoja na za barua pepe na kutafuta istilahi, fedha iliyomfikia mkononi, na kama ilirudishwa kusahihishwa. Kisha agawanye fedha kwa saa. Tuseme tovuti ya utalii ya maneno 3,000 kwa senti 4 za dola kwa neno inaleta dola 120, lakini imekula saa 14 kwa sababu ya majina ya ndege na maua. Hiyo ni dola 8.57 kwa saa. Mkataba wa ajira wa maneno 2,000 kwa senti 5 unaleta dola 100 kwa saa 8, yaani dola 12.50. Kwa kuangalia jumla tu angedhani utalii unalipa zaidi. Baada ya miezi mitatu au minne jedwali hilo litamwonyesha aina mbili za kushika, na litamwonyesha pia ya kuacha hata kama anaipenda.

Mambo matatu ya bei yanayowapunja wapya, kwenye fani yoyote:

Kutoka Kiingereza, adai malipo kwa maneno ya matini chanzi, yaani ya hati ya Kiingereza aliyopewa. Kiswahili kinabana: "hawatanisaidia" ni neno moja, Kiingereza kinahitaji matano. Anayekubali kuhesabiwa maneno ya Kiswahili anajikata mwenyewe. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ni kinyume, hapo aombe kuhesabiwa maneno ya tafsiri.

Asome uchambuzi wa faili, yaani hesabu ya programu ya maneno mapya na yanayofanana na yaliyokwisha kutafsiriwa, kabla ya kukubali. Kazi ya maneno 4,000 inaweza kuwa na mapya 2,400, yanayofanana kiasi 600 yanayolipwa kwa asilimia 60, na ya kurudiwa 1,000 yanayolipwa kwa asilimia 20. Hesabu: 2,400 + 360 + 200 = 2,960. Kwa senti 5 ni dola 148, siyo 200. Asikatae kwa sababu hiyo tu, lakini aulize asilimia kabla ya kuanza. Na ahakikishe kumbukumbu ya tafsiri aliyopewa ni nzuri, maana kurekebisha sentensi mbovu iliyohesabiwa "imefanana" kunachukua muda kuliko kuitafsiri upya.

Jukwaa la mtandaoni la kuuzia kazi lina makato yake. Fiverr inachukua asilimia 20 ya malipo ya muuzaji, kwa hiyo dola 100 ni 80 kabla ya gharama za kuitoa fedha. Bei ipangwe kwa kuanzia kwenye 80.

Prufu_Moja

Niongeze kuhusu kuhariri tafsiri za mashine, maana Kalamu ameitaja na wengi wanaikataa kwa hasira au kuipokea kwa njaa, bila kupima.

Anayetafsiri maneno 300 kwa saa kwa senti 5 anapata dola 15. Akipewa kuhariri kwa senti 3, lazima afikie maneno 500 kwa saa ndipo apate hizo 15. Aombe sampuli, ahariri maneno 500 huku saa inahesabu. Akimaliza kwa dakika 60 au chini, sawa. Akifika dakika 80, bei hiyo ni hasara, na arudi na takwimu hiyo kujadiliana badala ya kulalamika.

Hapa ndipo kubobea kunaleta tofauti ya kweli. Mashine siku hizi inaandika Kiswahili kinachoteleza, na makosa yake hayapigi kelele. Inabadilisha istilahi katikati ya hati, inapoteza ukanushi kwenye sentensi ndefu, inaacha upatanisho wa ngeli ukivurugika pale kiima kinapokuwa mbali na kitenzi, na inachanganya matumizi ya Kenya na ya Tanzania ndani ya aya moja. Asiyeijua hati husika atasahihisha ngeli na kuacha ukanushi uliopotea.

Pia aulize kwa maandishi: uhariri ni wa kina au mwepesi? Kiwango cha ISO 18587 cha mwaka 2017, cha shirika la kimataifa la viwango, kinahusu uhariri wa kina, matokeo yake yalingane na kazi ya binadamu. Kampuni ikilipa bei ya uhariri mwepesi halafu ikadai matokeo ya ule wa kina, mgogoro wa ankara hauepukiki.

Mkalimani_Dayton

Walio Marekani wasisahau ukalimani. Hospitali zina wagonjwa wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, na huku kubobea kunaanza na cheti. Mtihani wa CoreCHI wa CCHI, chombo cha Marekani kinachotoa vyeti kwa wakalimani wa afya, hauhitaji uwe wa lugha fulani, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaruhusiwa, sharti awe na saa 40 za mafunzo ya ukalimani wa afya na uthibitisho wa kuzimudu lugha zake. Aliyezoea Kiswahili cha Unguja au Nairobi ajizoeze kwanza kusikiliza cha Kivu na Katanga, maneno ya Kifaransa yakiwemo: mgonjwa atataja dawa na vipimo kwa Kifaransa.

Kazi ndogo ya kulipa bili ni vyeti vya uhamiaji. USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, inataka tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na tamko lililosainiwa la mtafsiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anaimudu kazi hiyo. Mihuri nayo itafsiriwe, hata ile iliyofifia: andika kwenye mabano kwamba muhuri hausomeki. Tafsiri iliyoruka muhuri haiwezi kuitwa kamili.

Kalamu_Tanga

Ahsanteni sana, hii ndiyo niliyoitaka. Mawili yamebaki. Huyu mtu asiye na shahada ya sheria anaweza kugusa hati za kisheria? Na wasifu uandikweje sasa?

Mhakiki_DSM

Daftari amenishawishi kuhusu aina mbili, nalikubali.

Sheria: anaweza, kwa mpangilio. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kazi ipo na itakuwepo. Lakini hati za mashauri awaachie wenye mafunzo ya sheria. Aanze na mikataba ya ajira na sera za faragha. Kwa faragha, Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Azisome zote mbili kabla ya kutafsiri sera ya kwanza, kwa sababu istilahi ya sera lazima ifuate ya sheria ya nchi ambako itatumika. Akiona kifungu kina maana mbili, asiamue yeye. Aandike swali kwa mteja, ataje namba ya kifungu na tafsiri zote mbili zinazowezekana. Akae na mwanasheria mmoja anayekubali kulipwa kwa saa kuhakiki, na gharama hiyo aiweke ndani ya bei.

Wasifu uwe ukurasa mmoja. Juu kabisa: Kiingereza kwenda Kiswahili, cha Tanzania au cha Kenya. Asiandike vyote viwili kama hana wa kumhakikia upande wa pili. Chini yake aina mbili za hati kwa majina yake kamili, kiasi cha maneno kwa siku, programu anazotumia, saa za kazi kwa saa za Afrika Mashariki. Kisha sampuli mbili za maneno 250, chanzi na tafsiri zikiwa bega kwa bega, kutoka kwenye vile violezo vya wazi. Hati ya mteja haitumiki kuwa sampuli bila idhini ya maandishi. Zile fani nyingine tano zitoke kwenye ukurasa, ingawa kazi zake anaweza kuendelea kuzipokea kwa watu wanaomjua.

Jambo la mwisho, lianze leo. Kampuni zinazofuata ISO 17100, kiwango cha huduma za tafsiri, hukubali mtafsiri mwenye shahada ya tafsiri, au shahada ya fani nyingine na miaka 2 ya kutafsiri muda wote, au miaka 5 kama hana shahada. Huyu wetu ni wa kundi la pili. Miaka hiyo inathibitishwa kwa karatasi, kwa hiyo kila mradi ukikamilika amwombe mteja barua fupi yenye tarehe, aina ya hati na idadi ya maneno, wakati msimamizi aliyempa kazi bado yupo. Wasimamizi huhama, na kumpata aliyeondoka miaka miwili nyuma ili akuandikie barua ni kazi ngumu.