Mrejesho: Ratiba ya kipima maji kujaa na kupwa, Mkoani, Pemba

Asalaam alaykum. Niliuliza vipi kipima maji cha gatini Mkoani kifungwe kabla ya kusi, ilhali bodi ya saketi ya kusomea kihisio haijafika. Ahsanteni, ratiba sasa imekaa sawa.

Kilichosaidia zaidi ni kuihesabu kazi kurudi nyuma kuanzia bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi), si tarehe ya ripoti. Vibano vya chini vya kushikia kipima hufungwa maji yakitoka kabisa, na siku za bamvua hiyo ni mnamo saa nne au tano asubuhi. Ukiikosa, nyengine ni baada ya wiki mbili.

Kihisio cha mgandamizo ndicho kilichoagizwa kwanza, kwa kuwa huchelewa kuliko vyote. Ni cha baa 1 (kizio cha mgandamizo), chenye mrija ndani ya waya unaokifikishia hewa ya nje, ili mgandamizo wa hewa usihesabiwe kama maji. Hupima takriban mita 10 za maji. Bamvua yetu haizidi sana mita 4. Bodi haikusubiriwa: kihisio kilijaribiwa kwa bodi ya mazoezi ndani ya bomba la PVC lililosimamishwa, maji yakiongezwa sentimita 50 kila mara.

Wanaojenga chao waangalie epoksi (gundi ya kuzibia maji) isizibe ule mrija. Ukiziba, kila badiliko la hektopaskali 1 la mgandamizo wa hewa litasomeka kama sentimita 1 ya bahari, na kosa hilo halionekani mezani. Juu ya mrija tia silika jeli, la sivyo unyevu utaingia.

Bado vibano tu. Vya chuma cha pua cha daraja la 304 nimevikataa, kutu ya chumvi huvitoboa. Nangojea vya 316.