Ugonjwa wa mlipuko ukija tena, nani aamue mtoto aende shule au abaki nyumbani?

Habari zenu wadau, mi naishi Arusha, Sakina. Juzi Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa wanangu, tukasomewa utaratibu mpya wa magonjwa ya mlipuko: serikali ikishasema shule ziko wazi, mtoto asiyekuja anaandikwa mtoro na ada inalipwa yote. Baba mmoja kasimama kasema safi kabisa watoto wasome, mama mwingine kanyanyuka katoka bila kuaga. Mimi sikuongea, nilikuwa na hasira, naongea hapa.

Msimamo wangu ni kwamba mzazi awe na haki ya kumbakiza mtoto nyumbani ugonjwa ukiwa mtaani, na mtoto asiitwe mtoro.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchi hii alitangazwa 16 Machi 2020 na alikuwa hapa hapa Arusha, alishukia uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule zifungwe, hapo hamna aliyebishana. Shughuli ilikuja 29 Juni shule zilipofunguliwa. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe, ana miaka 70 na kitu, ana sukari na presha, na analala chumba kimoja na binti yangu ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne. Idadi ya wagonjwa iliacha kutangazwa tangu mwanzoni mwa Mei, ikaishia 509, sasa mzazi unapima hatari kwa kitu gani? Nikambakiza binti. Shule wakanipigia simu mara 3, ya tatu wakaniambia jina linafutwa, nikamrudisha, na bibi tukampeleka Machame kwa shemeji. Kila jioni anapiga simu anauliza mjukuu wangu kala nini, nani kamsuka. Yani tulimtoa mama wa watu kwenye nyumba ya mwanae ili mahudhurio yajae.

Najua kuna watakaosema korona haikuwasumbua sana watoto. Ni kweli, wengi hawakuzidiwa, ila mtoto haishi peke yake, asubuhi kabanwa kwenye kifodi (daladala), mchana yuko darasani na wenzake, usiku analala na bibi yake.

Nawasikiliza.

*Mchangiaji, Ngarenaro*
Dada yangu pole kwa ya mama, ila haki unayoidai kwangu mimi ni mtego. Mimi ni mwongoza watalii, mwaka ule ndege zilisimama na wageni hamna kabisa, nikakaa miezi sina hata mia. Wanangu wanasoma shule ya serikali, tunaishi vyumba viwili, mama yao anatoka alfajiri kuuza mboga, nani angewafundisha? Vipindi vya masomo kwenye tivii vilikuwepo lakini tivii tulishaiuza. Mkubwa alikuwa darasa la sita, akaanza kwenda soko la Kilombero kubeba mizigo, anarudi na elfu mbili elfu tatu, na mimi baba yake nikawa naipokea kwa sababu ndio ilikuwa unga. Shule zilipofunguliwa hakutaka kurudi. Mpaka Septemba ndio nikafanikiwa kumvalisha sare, na kilichonisaidia ni mwalimu wake kuja nyumbani na kuniambia ukweli kwamba mtoto ni mtoro na mimi ndiye ntakayeulizwa. Lile neno unalolikataa ndilo lililomrudisha mwanangu.

*Mchangiaji, Moshi*
Na wa bweni je? Maana sisi wetu tulikuwa tunaambiwa ni salama na kuwaona haturuhusiwi.

*Mwalimu wa sekondari, Moshi*
Nawasalimu. Wazazi angalieni majirani. Kenya walifunga Machi 2020, ule mwaka wa masomo ukahesabika umepotea, wakarudi wote Januari 2021. Uganda ndio waliumia, mpaka Januari 2022 ndio wamefungua shule zote, karibia miaka 2, wako watoto walioondoka wanafunzi na kurudi wakiwa na watoto wao au hawakurudi kabisa. Sisi tulipoteza miezi 3 na bado darasa la saba mtihani wao ulisogea mpaka Oktoba. Tukiruhusu kila mzazi aamue anavyoona, watakaobaki nyumbani sio wenye bibi mgonjwa tu, na wa kike watakuwa wa kwanza. Tulijaribu kutoa homuweki za kuchukua shuleni, wiki ya kwanza wazazi walijaa, wiki ya tatu nilibaki na makaratasi yangu mezani. Mimi ningekubali kitu kimoja: nyumba yenye mgonjwa ipewe ruhusa maalum, yenye mwanzo na mwisho, na barua ya kituo cha afya.

*Mleta mada*
Kaka wa Ngarenaro nimekusoma mara mbili, nakiri sikuwa nimemfikiria mtoto wa namna hiyo, nyumbani kwangu vitabu vipo na mimi nashinda nyumbani, nikadhani kila mtu yuko hivyo. Kwa hiyo naondoa lile la kila mzazi aamue. Ila hili siliachii, mtoto anayesoma nyumbani kila siku na anayebeba mizigo sokoni wasiandikwe neno moja kwenye rejista, wa kwako alihitaji mwalimu aje kumtafuta, wangu alihitaji wiki chache tu.

Shikamoo mwalimu. Ruhusa yenye mwanzo na mwisho naichukua, kikao kingine ni mwisho wa mwezi huu na safari hii naenda na pendekezo limeandikwa. Nisaidie tu kwenye hiyo barua, mgonjwa ni bibi na yeye hasomi pale shuleni, sasa daktari aandike ya bibi au ya mtoto, na mwalimu mkuu wenu angeipokea?