Mtoto alizaliwa mzima, miezi 8 akavimba vidole. Herufi moja inafanyaje haya?

Mama Nuru (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Naombeni mnieleweshe kwa lugha ya kawaida, maana kliniki maneno yalinipita juu.

Binti yangu ana miaka 3. Alizaliwa mzima kabisa, kilo tatu na nusu. Alipofika miezi 8 vidole vya mikono na miguu vikavimba kama maandazi, analia usiku kucha. Tumehangaika na dawa za kuchua, mwisho vipimo vikasema SS, selimundu. Daktari akasema kwenye vinasaba vyake kuna herufi moja imekosewa. Moja tu! Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Nyumbani sasa hakukaliki. Mama mkwe anasema mtoto aliyezaliwa mzima hawezi kuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, kuna mkono wa mtu. Mume wangu anasema kwao hakuna kitu hicho, kimetoka kwetu, na kupima hataki. Nami nina mimba ya miezi minne. Hiyo herufi inafanya nini mpaka damu yote iharibike?

Babu wa Kitongoji
Pole mwanangu. Mpe juisi ya rozela, damu itapanda.

Mtu wa Maabara
Shikamoo babu. Rozela ni kinywaji kizuri ila haligusi tatizo hili.

Dada, chukua karatasi uandike: ALI ANA UJI. Maneno ya herufi tatu tatu. Badilisha herufi moja: ALI ANA UZI. Bado ni Kiswahili safi, hakuna wa kushtuka, ila mgonjwa aliyesubiri uji ameletewa uzi.

Seli nayo husoma hivyo hivyo. DNA, yaani hivyo vinasaba, ina herufi nne, A, T, G na C, na imefungiwa kwenye kiini, haitoki. Seli ikitaka protini fulani inatoa nakala ya ukurasa huo tu. Nakala hiyo ni RNA, na penye T yenyewe inaandikwa U. Inatoka nje ya kiini mpaka kwa fundi anayeitwa ribosomu. Fundi anasoma herufi tatu, anaunga asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha protini. Tatu nyingine, anaunga nyingine, kama mtu anayetunga shanga, mpaka akutane na neno la kumwambia simama.

Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina minyororo minne, miwili alfa na miwili beta. Beta ina shanga 146. Ya sita ilitakiwa iwe GAG, yaani asidi glutamiki. Kwa binti yako imeandikwa GTG, inaingia valini. Zile 145 ziko sawa kabisa!

Shida ni tabia ya huyo mgeni. Glutamiki inapenda maji, valini inayakimbia kama mafuta. Himoglobini ikishatua oksijeni, valini inajibanza kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, ya jirani nayo inashika nyingine, zinakuwa nyuzi ndefu ngumu na chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu. Mundu haupiti kwenye kimshipa cha kidole. Ndiyo yale maandazi. Na chembe ya kuishi siku 120 hivi inakufa ndani ya 10 hadi 20, ndiyo maana damu inashuka kila mara.

PCB_Kidato6
Nyongeza kidogo mkuu: ukihesabu na shanga ya kuanzia, methionini, ile ya AUG, iliyokosewa ni ya 7. Hiyo ya kwanza hukatwa baadaye. Na si kila kosa linaumiza. GAG ikigeuka GAA bado ni glutamiki, maana maneno yako 64 na asidi amino 20 tu. Balaa ni herufi ikidondoka: toa L usome AIA NAU JI. Kuanzia hapo ni takataka.

Mama Nuru
Uji na uzi nimeelewa. Lakini mbona alizaliwa mzima? Hapo ndipo mama mkwe ananikamatia.

Mtu wa Maabara
Kosa lilikuwepo tangu mimba ilipotungwa. Ila tumboni mtoto hutumia zaidi mnyororo wa gama badala ya beta, na gama ina jeni yake, haina kosa. Akishazaliwa gama hufungwa polepole, beta inachukua kazi. Kufikia miezi sita hivi uzi umeshajaa mezani. Hakuna aliyemroga, ni ukurasa uliokuwa haujafunguliwa sana.

Kaulize kliniki kuhusu dawa ya haidroksiyurea, inaamsha gama tena. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya Casgevy, nayo inaamsha gama, ile herufi hata hawaigusi. Marekani bei yake dola milioni 2.2, kwa hiyo usiuze kiwanja.

Kuhusu baba: SS maana yake nakala mbili za jeni ya beta zenye kosa, moja yako, moja yake. Mwenye moja ni AS, anaishi salama, hata malaria kali humpata mara chache. Kwa hiyo kwao inaweza kupita vizazi bila mtu kuugua.

Chausiku
Mdogo wangu, nina wawili wenye SS. Wa pili alipozaliwa niliambiwa "ni mmoja kati ya wanne, zamu imeshapita." Haina zamu. Kama wote ni AS, kila mimba ni robo, upya. Waambie kliniki ya wajawazito sasa hivi ili mtoto apimwe mapema. Wangu wa pili alianza penisilini akiwa na miezi miwili, amelazwa mara chache kuliko kaka yake.

Na mumeo usimwelezee mbele ya mama yake. Subiri mkiwa wawili.

Mama Nuru
Asanteni sana. Mume nimemweleza jana usiku, kanyamaza, asubuhi kaondoka bila kusema kitu. Mama mkwe alikiona kile kikaratasi mezani, akakisoma mara mbili, akaniuliza: "Na huyu Ali ni nani?"