Askari aliyetoroka kambini akarudi mwenyewe: afukuzwe au aadhibiwe abaki?

Wakubwa shikamooni, wadau habari zenu. Naileta hoja hii hapa kwa sababu huku Mwenge, jirani na kambi ya jeshi ya Lugalo, watu wanaibishania kwa hasira kuliko kwa hoja. Kijana kaondoka kambini bila ruhusa, kakaa wiki mbili kijijini, kisha karudi kwa miguu yake na kuripoti getini. Afanywe nini?

Msimamo wangu: aadhibiwe, tena adhabu ya kuuma, lakini asifukuzwe.

Wanaotaka afukuzwe hukimbilia Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya leo. Dar ikachafuka, Mwalimu akalazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza, jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi, JWTZ. Naelewa kabisa kwa nini wazee wa jiji hili hawataki kusikia habari za askari asiyetii. Lakini wale waliasi kwa pamoja, wakiwa na silaha, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Huyu wetu kaacha bunduki ghalani, kapanda basi pale Mbezi, kaenda kumuuguza mama yake. Kuyaweka makosa haya kapu moja si haki.

Hata majeshi makali hayafanyi hivyo. Sheria ya kijeshi ya Marekani inatenganisha aliyeondoka bila ruhusa na aliyekimbia jeshi kwa nia ya kutorudi. Na kwa aliyepitisha siku 30, kwa miaka mingi ukomo wa kifungo umekuwa mwaka 1 akirudi mwenyewe, miezi 18 akikamatwa. Maana yake aliyeko nje anaachiwa sababu ya kurudi. Ukraine, ikiwa katikati ya vita, mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuwafungulia mlango wa kurudi kikosini walioondoka kwa mara ya kwanza. Ukimwambia kijana kwamba akikosekana siku 3 au miezi 3 mwisho wake ni uleule, kufukuzwa tu, atarudi kufanya nini?

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mwenzake aliyebaki. Zamu ya lindo haifutwi kwa kuwa fulani hayupo. Kuna mtu alisimama usiku mara mbili kwa ajili yake, na huyo naye ana mama. Ndiyo maana nasema adhabu isiwe ya kubembeleza: mahabusu ya kikosi, mshahara wa siku alizokosekana ukatwe, cheo kishushwe kama anacho, na wenzake waone. Ila kumtupa mtaani mtu tuliyemfundisha silaha kwa kodi zetu, bila kazi na bila heshima, sioni usalama wa nani unaongezeka.

Sehemu moja sina huruma: operesheni. Desemba 2017, Semuliki huko Kongo, kituo cha askari wetu wa kulinda amani kilishambuliwa na zaidi ya 10 wakauawa. Kwenye kituo kama kile pengo la mtu mmoja ni roho za watu. Anayeacha nafasi yake pale aende mahakama ya kijeshi.

Na kuna upande hatuugusi. Kwetu aliyekulea anaweza kuwa bibi au mama mdogo, na simu ya msiba haingoji. Ofisa anayesukuma ombi la ruhusa pembeni bila hata kumwita kijana na kumsikiliza anachangia utoro huo. Napendekeza kila ombi la ugonjwa au msiba lijibiwe kwa maandishi siku hiyohiyo, na anayekataa aandike sababu na jina lake.

Waliovaa gwanda nisaidieni: siku za kumpokea anayerudi mwenyewe ziishie ngapi? Na ofisa aliyemnyima ruhusa bila sababu, naye ahojiwe kwenye shauri hilohilo?